Yohana 3:16 haijapotea kwenye programu yako

Mteja mmoja alitupigia simu akiwa na hasira. Programu ya kujifunzia Biblia tuliyomwekea kwenye kompyuta ni pungufu, alisema: ameandika "alipenda" kwenye kisanduku cha kutafutia, na Yohana 3:16 haimo. Akataka arudishiwe fedha zake.

Mstari ulikuwemo. Tafsiri ya Union inasema Mungu "aliupenda ulimwengu", na hiyo -u- ya katikati ndiyo iliyomkosesha. Programu haijui sarufi ya Kiswahili. Inalinganisha herufi kwa herufi. Lalamiko la namna hii hutufikia mara kwa mara, na uchungu wake naujua, maana mtu huanza kudhani ama ameibiwa, ama yeye mwenyewe hana akili ya kompyuta.

Wengi hutafuta njia ya mkato: wanabandika nyota kila upande, *pend*, ili programu ikubali herufi zozote kabla na baada, wakidhani yamekwisha. Hapo "aliupenda" inapatikana, lakini inakuja pamoja na "kupendeza" na "upendeleo", huku "wapenzi" inayofungua 1 Yohana 4:7 ikibaki nje. Mwalimu mmoja aliandaa mfululizo wa masomo juu ya msamaha kwa kutafuta *sameh*. Neno "msamaha" lenyewe halina "sameh" ndani yake! Alikuwa amefika somo la nne alipogundua, akarudia kazi yote tangu mwanzo. Kumfundisha kuandika *sameh* pamoja na *msamah*, na neno AU katikati kwa namna programu yake inavyolikubali, kulichukua dakika chache.

Tunaulizwa kwa nini tunatoza somo la kutafuta peke yake, wakati maelekezo yamo ndani ya programu. Yamo, ndiyo. Ila yaliandikwa kwa kufikiria Kiingereza, lugha isiyobeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Sisi tunakaa na Biblia yako, tunajaribu kila umbo la neno, tunahesabu matokeo na kuyasoma kabla hujaondoka. Kazi hiyo hatuipunguzii bei.

Halafu kuna namba za Strong, namba iliyopewa kila neno la Kiebrania na la Kigiriki la Biblia ya asili, kutoka itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalimo) aliyoitoa James Strong mwaka 1890. Katika Yohana 21:15–17 Kiswahili kinatumia "penda" kote. Kigiriki kina vitenzi viwili: Yesu anauliza mara mbili kwa agapao, namba G25, na mara ya tatu kwa phileo, G5368, ambacho Petro anakitumia katika majibu yake yote. Wasomi hawakubaliani tofauti hiyo ina uzito gani, lakini kwa kutafuta "penda" hutaiona kabisa. Kama Biblia yako ya Kiswahili haina namba hizo, tunafungua kando yake tafsiri iliyo nazo, tunatafuta kwa namba, kisha tunarudi kusoma kwa Kiswahili.

Yule wa Yohana 3:16 hakurudishiwa fedha. Alikuja na orodha ya maneno kumi na moja, tukayapitia moja moja.