Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upigaji wa Bonasi na Kamisheni Zetu

Ndugu Wanachama,

Malalamiko yaliyofika kwenye kamati mwaka 2025 yalitawaliwa na jambo moja: kamisheni tunayolipwa kwa kupelekea kampuni za kasino za mtandaoni wateja kupitia linki zetu inaonekana kwenye dashibodi mwishoni mwa mwezi, kisha wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata inafutwa kwa maneno mawili, "udanganyifu wa bonasi". Wanachama wa Dodoma mjini, Kondoa, Manyoni na Singida wamelia kilio hichohicho. Kwa hiyo taarifa hii nimeielekeza huko. Ada na hesabu za chama atazisoma mhazini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wetu tunatangaza bonasi bila kuipigia hesabu, na mpigaji, yaani anayejisajili kwa akaunti nyingi ili kuchuma bonasi tu, huipiga kabla hajajisajili.

Chukua bonasi ya kawaida ya kasino: mteja anaweka sh. 50,000, anapewa 50,000 nyingine, sharti ni kuizungusha bonasi mara 30, yaani kuweka madau ya jumla ya mara 30 ya bonasi kabla ya kuruhusiwa kutoa fedha. Hapo anatakiwa kucheza jumla ya sh. 1,500,000. Sloti (mchezo wa mashine ya bahati) yenye marejesho ya 96% humla mchezaji 4% ya kila kinachozungushwa, yaani wastani wa sh. 60,000. Bonasi ni 50,000, hivyo kwa wastani mteja yuko chini kwa 10,000. Lakini ukishusha sharti hadi mara 10, mzunguko unakuwa 500,000, gharama yake 20,000, na mteja anabaki na faida ya 30,000 kabla hata ya kuwa na bahati. Mtu mwenye laini nane haoni tena bonasi hapo, anaona mshahara. Uingereza, ambako mdhibiti alitangaza Machi 2025 kuwa sharti lisizidi mara 10, kampuni haziwezi kujificha nyuma ya mara 30 au 40, kwa hiyo bonasi yenyewe ndiyo inayopunguzwa ukubwa. Kwetu bado tunaona mara 30, 35 na zaidi, na watu hudhani namba hiyo peke yake ni ukuta.

Si ukuta. Mteja hawezi kupoteza zaidi ya salio lake, na hapo ndipo penye mlango. Mpigaji mwenye akaunti kumi hachezi taratibu. Anaweka dau kubwa kwenye sloti zinazolipa mara chache lakini kwa kishindo. Akaunti nyingi zinakufa ndani ya dakika chache zikiwa hazijafika hata robo ya mzunguko, kwa hiyo ile gharama ya 60,000 hailipi yote. Moja au mbili zinapasua, na hizo ndizo anazozimalizia sharti kwa madau madogo madogo. Ndiyo maana masharti mazuri huweka kikomo cha dau wakati bonasi iko hai, na huweka kikomo cha kiasi kinachoweza kutolewa. Ukiona ofa haina kikomo cha dau, jua wapigaji wameshaiona kabla yako.

Ruleti nayo ina mchezo wake. Ukiweka kiasi sawa kwenye nyekundu na nyeusi, mizunguko 36 kati ya 37 hupotezi kitu, sifuri tu ndiyo inayokula vyote. Gharama ni 2.7% ya kilichowekwa, hivyo kuzungusha 500,000 kunagharimu takriban 13,500. Kwa sababu hiyo kampuni makini huihesabu ruleti kwa 10% tu: ili kutimiza 500,000 itabidi uzungushe 5,000,000, na gharama inapanda hadi kama 135,000. Soma kipengele hicho cha uzito wa michezo kabla hujabandika linki popote.

Akaunti nyingi zinatoka wapi, wakati laini zote zinasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA? Baadhi ni za ndugu na rafiki wanaolipwa elfu mbili tatu. Nyingine zinapatikana chini ya mwavuli wa msajili wa laini. Mteja anaweka kidole, anaambiwa "haijasoma, rudia", anarudia, na mara ya pili laini nyingine inasajiliwa kwa jina lake bila yeye kujua. Laini hiyo inauzwa, inafunguliwa akaunti ya kasino na akaunti ya fedha ya simu, bonasi inachumwa, laini inatupwa. Mwenye jina anabaki na kesi isiyo yake. Kila mwanachama apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na awafundishe wasomaji wake kufanya hivyo. Ni maudhui mazuri kuliko "bonasi ya bure leo".

Sasa tufike kwenye mifuko yetu.

Aliye kwenye malipo ya kichwa, yaani kiasi kimoja kwa kila mteja anayemleta, huona faida kwanza. Tuseme kichwa kimoja ni sh. 25,000 na umeleta wateja 60. Kati yao 12 ni mtu mmoja. Kampuni ikigundua, kwa haki ingekata 300,000. Kinachotokea mara nyingi ni kusimamisha akaunti nzima, na vichwa 48 vya halali vinaozea humo. Mkataba unaosema kampuni itaamua "kwa hiari yake" unairuhusu.

Aliye kwenye mgao wa mapato anaumia kimyakimya. Mfano: wateja wako wameingizia kampuni sh. 2,000,000 baada ya ushindi kulipwa. Inatolewa kodi, tuseme 500,000, ada za miamala 100,000, na bonasi 800,000. Zinabaki 600,000, na mgao wako wa 30% ni 180,000. Wapigaji wakiingia kupitia linki yako na bonasi zikafika 1,600,000, hesabu inakuwa hasi 200,000. Mwezi huo hupati kitu. Kama mkataba unabeba deni kwenda mbele, mwezi unaofuata zile 600,000 zinakatwa kwanza 200,000, unapata 120,000 badala ya 180,000. Bonasi inaitwa ya kampuni kwenye tangazo, lakini kwenye hesabu imelipwa na wewe na kampuni pamoja. Wanachama wengi hawajawahi kulitazama hivyo, na kamati inadhani hapo ndipo uvumilivu wetu kwa wapigaji ulipotoka.

Maana uvumilivu upo, tusifichane. Kuna wanachama wana makundi ya Telegram na WhatsApp yanayofundisha kupiga bonasi huku linki ya usajili ikiwa yao. Wanachukua kichwa, wanahama kampuni. Baada yao kampuni inashusha kichwa kwa kanda nzima au inaongeza siku za kushikilia malipo, na anayelipia ni mwanachama wa Mpwapwa aliyejenga wasomaji wake kwa miaka. Kamati inapendekeza mkutano upitishe kwamba anayefanya hivyo aondolewe, na anayenunua au kutumia namba za NIDA za watu wengine aondolewe bila onyo. La pili si suala la maadili ya chama tu, ni jinai.

Kwa upande wa kinga, jambo lenye matunda ya haraka ni alama za njia kwenye linki. Usitumie linki moja kila mahali. Kila njia iwe na alama yake: kundi la Telegram yake, TikTok yake, makala ya mapitio yake, bango la kibanda cha mkeka pale Sabasaba yake. Kampuni ikilalamika, unaomba ikuambie alama ipi, unaifunga hiyo moja na zingine zinaendelea kulipwa. Asiye na alama hana la kujitetea.

Kila wiki pitia ripoti ukitafuta mambo manne. Wateja wanaoweka kiwango cha chini kabisa cha kupata bonasi, wote kiasi kilekile. Usajili unaokuja kwa mafungu, kumi ndani ya saa moja usiku wa manane kisha kimya. Wanaotoa fedha siku ileile sharti linapotimia. Na kubwa kuliko yote, wasioweka fedha mara ya pili. Mteja wa kweli wa kanda hii hufuata mshahara na mavuno. Utaona amana zikipanda mwisho wa mwezi, na wa vijijini wakichangamka mahindi yakishafika soko la Kibaigwa. Mpigaji hufuata tarehe ya ofa tu.

Hapa kuna tahadhari. Kampuni nyingi hukamata watu kwa anwani ya IP, na ushahidi huo kwetu ni dhaifu. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na hosteli nzima ya UDOM inayotumia waifai moja itaonekana kama mtu mmoja. Ukikataliwa wateja kwa sababu ya IP pekee, pinga kwa maandishi. Omba ushahidi wa ziada: kifaa kilekile, namba moja ya kutolea fedha, madau yanayofanana kwa sekunde.

Unapodai ushahidi, usiombe majina wala namba za simu za wateja. Namba za akaunti za mchezaji na sababu ya kila moja zinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma. Wenye fomu za "acha namba yako upate bonasi" wanahusika moja kwa moja. VPN nayo, programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, ambayo wengine wanawashauri wateja waitumie kuzunguka masharti, mamlaka ya mawasiliano (TCRA) ilitaka watumiaji wake watoe taarifa tangu Oktoba 2023. Acheni.

Kuhusu mikataba, kamati imeandaa mfano wa vipengele vya kudai: deni lisivuke mwezi, kukata kamisheni kuwe na kikomo cha siku 60 tangu mteja aweke fedha mara ya kwanza, wateja wa halali wasishikiliwe kwa makosa ya wengine, na tafsiri ya udanganyifu iandikwe, isiachwe kwa hiari ya upande mmoja. Kampuni ndogo hukubali vyote. Kubwa hukubali la tatu na la nne ukisisitiza, la kwanza ni kwa kubembelezana. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha msihangaike nayo kabisa, kwa sababu ikikudhulumu hakuna pa kuipeleka, na hata kuitangaza ni kujitafutia matatizo.

Maazimio mawili ya kupigiwa kura ni lile la kuondoa wanachama na lile la kulazimisha alama za njia kwa kila anayetaka chama kimsimamie kwenye mgogoro. Nakala za vipengele vya mkataba ziko kwa katibu. Wenye migogoro ya mwaka huu ambayo haijaisha, leteni ripoti za dashibodi zilizopakuliwa, si picha za skrini, kwa kuwa picha kampuni huzikataa.