Dawa za bei ndogo hazikupandishi haraka

Mhariri,

Safu yenu ya michezo ya kompyuta iliwashauri wachezaji wa Skyrim wanaotaka kukuza haraka ujuzi wa kutengeneza dawa wapike dawa ndogo ndogo za kuponya, tena kwa wingi. Hapo sikubaliani nanyi. Mchezo huu, tangu utoke mwaka 2011, hauhesabu chupa tu. Unaangalia thamani ya kila chupa. Moja ya bei kali inakusogeza kuliko kadhaa za bei poa.

Chukua kidole cha mguu wa jitu, changanya na ngano. Viwili hivyo tu vinatoa dawa ya kuongeza afya, na bei yake inaruka juu. Ukitia na ule mmea uitwao Creep Cluster, inaongeza pia uwezo wa kubeba mizigo, na bei inazidi kupanda. Ila majitu hayachezewi: rungu likikupata sawasawa, unarushwa angani kama kishada. Asiyetaka ugomvi nao achume maua ya buluu ya milimani, akamate na vipepeo wa buluu awanyofoe mabawa (mwanangu ananiita katili). Faida ni ndogo kuliko ya kidole, lakini viungo vimejaa njiani.

Kabla ya yote, gusa Jiwe la Mwizi karibu na kijiji cha Riverwood. Ujuzi huu utapanda kwa kasi ya asilimia 20 zaidi. Chupa zikijaa begi, ziuze zote, maana ujuzi wa kuzungumza nao hupanda hapo hapo dukani.

Msomaji wenu wa kila wiki