Jalada la gazeti si shahidi asiyekosea

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita iliwasifu wahariri wanaojitolea kuandika historia za maeneo yao. Sifa wanastahili. Haikugusa, hata hivyo, kinachoviponza vitabu vyao vingi: kuamini mno majalada ya gazeti lao wenyewe, yaani matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa.

Chukua tarehe. Gazeti la asubuhi la Jumatano linaposema "jana" lina maana ya Jumanne. Mwandishi asipokuwa makini, uzinduzi wa daraja unasogea siku moja mbele na kila atakayemnukuu atarudia kosa. Gazeti la wiki lina mtego zaidi, kwa kuwa tarehe iliyo juu ya ukurasa huenda ni ya kuuzwa, wakati kurasa za ndani zilifungwa siku kadhaa nyuma. Siku iliyotajwa kwenye habari ilinganishwe na kalenda ya mwaka ule.

Idadi ya waliokufa katika ajali ni hatari zaidi, kwa kuwa idadi ya siku ya kwanza mara nyingi hubadilika. Ilinganishwe na habari za wiki mbili zinazofuata, pamoja na kijisanduku cha "Masahihisho", ambacho hufichwa kurasa za ndani (wahariri wanajua kwa nini). Kisha itafutwe rekodi isiyotokana na gazeti: jalada la mahakama, rejista ya vifo, muhtasari wa kikao cha baraza. Magazeti matatu yaliyochapa taarifa ya shirika moja la habari ni shahidi mmoja tu. Hata mzee anayesimulia aulizwe kama aliona mwenyewe au alisoma. Pengine anakurudishia habari uliyoichapa wewe.

Halafu kuna karatasi yenyewe. Imetengenezwa kwa rojo la mbao lenye lignini (kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti), hivyo mwanga na hewa huigeuza njano na kuifanya imeguke kwenye mikunjo. Msizibe mipasuko kwa selotepu: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka kirahisi. Toleo lilazwe bapa ndani ya boksi lisilo na asidi, na linapohamishwa liwekewe kadibodi chini. Lipigwe picha ukurasa mzima, bila flashi, jina na tarehe vikionekana. Anayetunza vipande vilivyokatwa aandike pembeni, kwa penseli, jina la gazeti, tarehe, ukurasa na safu kabla hajaweka mkasi chini.

Msomaji wenu