Nani anampokea mtoto Mokowe?

Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti ya Lamu na Mokowe. Likizo iliyopita nilimvusha mtoto wa miaka minane, begi mgongoni, akaenda kupokewa na babake wa Malindi. Baba hakutokea. Mtoto alikaa juu ya gunia la mchele hadi alasiri, nikamrudisha kwa mamake bila nauli.

Wakiachana, watu huandikisha talaka, hugawana hata masufuria, lakini malezi huachwa mdomoni: “tutaelewana”. Mngekuwa mnaelewana mngeachana?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo humwachia mama hadhana (ulezi) ya mtoto mdogo, gharama za matunzo zikabaki kwa baba. (Hapo wengi hujifanya viziwi.)

Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu wazazi waandikiane makubaliano. Basi na iandikwe: karo nani, likizo wapi, na nani atakuwa jetini saa ngapi.

Nahodha,
Lamu