Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Bahari Duniani, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karibu sana, Mheshimiwa. Umetujia leo, tarehe 8 Juni, kusi imeshika. Wazazi wetu wavuvi wanaijua kwa hasara yake: bahari huchafuka, na wenye vyombo vidogo hawathubutu kuvuka mwamba. Lakini upepo huohuo huupa nguvu mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini hadi Somalia, na huko maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Yanapopanda, planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji, hustawi, na samaki hufuata chakula.

Planktoni ndio waliotushughulisha muhula huu. Wale wa jamii ya mimea wengi hawaonekani kwa macho, ila wao hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote duniani. Hufyonza kabonidioksidi, wakifa, baadhi yao huzama na kaboni yao, na ile inayofika kilindini huweza kukaa huko mamia ya miaka. Misitu ina wa kuisifu, na mikoko ya Tudor nasi tunaipenda. Hawa wadogo hawana msemaji.

Tatizo ni kwamba bahari imebebeshwa mzigo. Takriban robo ya kabonidioksidi tunayoitoa wanadamu huishia humo, pamoja na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Gesi hiyo ikikutana na maji huzaa asidi. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu, yaani kipimo ambacho kikishuka asidi huwa imezidi, imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Mtu ataona ni kidogo, lakini kwa jinsi kipimo hicho kilivyopangwa, asidi imeongezeka kwa karibu asilimia 30. (Maji bado ni alkali, waogeleaji wa Nyali wasiogope.) Wanaoumia ni viumbe wanaojijengea chokaa: matumbawe, chaza, na baadhi ya hao planktoni.

Joto nalo lina vitimbi vyake. Maji yakipata moto hushika gesi kidogo, kama soda iliyopigwa jua. Tena huelea juu ya yale baridi, rutuba ikabaki chini, planktoni wakalala njaa. Matumbawe ya pwani hii yalikufa kwa wingi mwaka 1998, maji yalipochemka kwa El Niño.

Mheshimiwa, haya yote tunayasoma vitabuni, na bahari tunaisikia kutoka darasani. Tunaomba kipima pH, wavu laini wa kunasia planktoni, na neno lako litufungulie mlango wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi pale Mkomani. Tunakusudia kupima maji ya Tudor wakati wa bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, tukiandika kila kipimo daftarini ili wadogo zetu waendeleze. Ikibidi tupate kimoja tu, tunaomba kipima pH.

Ahsante.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Sayansi.