Barua ya wazi kuhusu foleni ya Daraja la Swinford

Mheshimiwa mwenye dhamana ya barabara zetu,

Kwa heshima zote nakuandikia tena, safari hii hadharani, kwa sababu barua zangu mbili za awali zilijibiwa kwa sentensi ileile, kwamba suala la Daraja la Swinford, daraja letu la kulipia tozo, "linafanyiwa kazi", na tangu tupewe ahadi hiyo majira mawili ya baridi yamepita, nasi wakazi wa kijiji cha Eynsham, Uingereza, kazi yenyewe hatujaiona.

Jumanne iliyopita nilikwama dakika 40 kwenye foleni kabla ya kuvuka Mto Thames kwenda Botley, ambako namhudumia mzee asiyeweza kuinuka kitandani peke yake. Nilimkuta amelalia shuka lililolowa, na yeye ndiye aliyeniomba radhi. Mwajiri alinikata ujira wa saa nzima. Sikubisha, maana nilichelewa kweli. Lakini zile radhi za mzee bado zinanichoma.

Mheshimiwa, magari husimama moja baada ya jingine ili kila dereva wa gari dogo alipe peni 5 kwenye kibanda cha tozo. Haki ya kutoza ilitolewa na sheria ya Bunge ya mwaka 1767, na daraja likafunguliwa mwaka 1769 badala ya kivuko, enzi za farasi na mikokoteni. Anayetaka kuikwepa foleni hiyo azunguke hadi Newbridge upande wa juu wa mto, au Godstow upande wa chini, ambako madaraja ni ya kale na membamba. Mwaka 2009 daraja letu liliuzwa kwa mnada kwa pauni zaidi ya milioni 1, likabaki mikononi mwa watu binafsi. Nadhani serikali iliona ni jambo dogo, kwa kuwa peni 5 ni fedha ndogo.

Siombi kupunguziwa tozo. Peni 5 ninazo. Naomba kibanda kiondoke njiani. Linunueni daraja, mheshimiwa, na kama kulinunua kutachukua miaka, basi kubalianeni na mmiliki magari yapite bila kusimamishwa asubuhi tu, kuanzia saa 1 hadi saa 3, watu wafike kwa wagonjwa wao. Hata hilo peke yake nitalipokea kwa shukrani. Kibanda kiondoke njiani.

Kesho alfajiri nitakuwa kwenye foleni ileile.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa wazee, Eynsham, Oxfordshire