Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya: mtaro umetangulia leseni

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Jomvu Kuu, Mombasa. Nakuandikia kuhusu bomba la mafuta ambalo ofisi yako haijalitolea leseni, ilhali mtaro wake ushachimbwa nyuma ya nyumba zetu.

Vilianza vigingi. Vilipakwa rangi nyekundu kichwani, vikapigwa mstari mmoja hadi ukingo wa mikoko. Watoto waling'oa viwili wakafanya goli, wakafukuzwa. Wiki iliyofuata likaja tingatinga.

Nilimwendea msimamizi wa kazi nikamuuliza leseni iko wapi. Akanijibu kwa adabu, wala hakusita: "Mzee, leseni iko njiani." Nilirudi nyumbani nikilitafuna jibu hilo. Iko njiani kutoka wapi? Mwenye kuitoa ni wewe. Kama hujaamua, yeye amejuaje utakaloamua? Ama anakudharau, ama ana habari ambayo sisi hatuna. Mimi nataka kuamini ni dharau.

Kifungu cha 58 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 kinamtaka mwenye mradi alete ripoti kwenu kabla ya kuugharimia na kabla ya kuuanza. Kanuni za 2003 zinamtaka abandike mabango, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na aitishe mikutano ya wananchi isiyopungua mitatu. Sisi tumeitwa mara moja tu, na siku hiyo mtaro ulikuwa ushaingia kwenye mikoko. Tuligawiwa soda na karatasi ya mahudhurio. (Soda nilikunywa, sahihi sikutia.) Sisi watu wa pwani twaijua posa inavyoletwa. Hii ililetwa bibi harusi keshahamishwa, na bado wazee tukaulizwa kama tumeridhia.

Nakuomba uutazame huo mtaro, maana kwenye ripoti utakuwa mstari tu. Matope meusi waliyoyatoa wameyarundika upande wa bahari, yamekauka na kupasukapasuka. Rundo hilo limekuwa ukuta. Maji makuu ya bamvua yaliyokuwa yakiingia hadi kwenye mikandaa, ile mikoko ya ndani, sasa yanaishia hapo, na miche iliyoota mwaka jana inanyauka. Michu minne mikubwa, nayo ni mikoko pia, imekatwa. Ndugu yangu wa kike huuza kaa. Matundu aliyokuwa akiyajua moja moja, kama mtu anavyojua milango ya jirani zake, yamefukiwa. Anarudi na nusu ndoo. Na hapo bomba lenyewe halijalazwa, tone la mafuta halijapita.

Mafuta yakija kumwagika tunajua yafanyavyo, kwa kuwa tumeyaona. Mwaka 1988 yalimwagika Makupa, mwaka 2005 yakamwagika Port Reitz. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza matopeni. Vikipakwa mafuta, mti hukosa hewa ukafa umesimama. Na bomba kubwa halina kinga kwa sababu ya ukubwa wake: mwaka 2015 lile la kwenda Nairobi lilivuja Thange, huko Makueni, mafuta yakaingia mtoni.

Lakini linaloninyima usingizi liko karibu zaidi. Ni Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pale tangu 2007 hadi 2014, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Wakazi walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na hawakumaliza safari ya rufaa hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliporudisha uamuzi huo uliokuwa umetenguliwa na Mahakama ya Rufaa. Sehemu ya lawama ilibebeshwa ofisi za serikali, yako ikiwamo. Hesabu miaka hiyo, Mheshimiwa. Kuzuia kazi isianze kungegharimu karatasi moja na muhuri.

Sijasema bomba ni haramu. Mafuta yanakwenda Nairobi kwa bomba tangu 1978, na bila hilo malori ya mafuta yangetumaliza barabarani. Huenda hata hili lina njia nzuri, kando ya barabara kuu, mbali na mikoko. Lakini ni nani atakayeijadili njia nyingine kwa dhati wakati mwenye mradi keshazika fedha zake kwenye hii? Atawaambia nyinyi na sisi kwamba hasara ni kubwa mno kurudi nyuma, na hasara hiyo ameitengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo toa amri ya kusimamisha kazi sasa, kabla ya kuisoma ripoti yao. Mwamrishe aliyechimba aliondoe lile rundo ili maji yapite. Kisha mikutano ianze upya, na muhtasari wa ripoti uletwe kwa Kiswahili, siku saba kabla, tuusome msikitini na kanisani.

Ukituma wakaguzi, usiwape ratiba ya ofisi. Waje wakati maji yamekupwa. Yakijaa, mtaro wote huwa chini ya maji, na msimamizi atawaonyesha bahari tulivu.

Wako,
Mkazi wa Jomvu Kuu, Mombasa